Sura ya Sita: Mtungi Uliotoka Jasho

Maiti ya Mwalimu ilikuwa kwenye kiti cha mgonjwa, mdomo wazi, kichwa kimepasuka juu ya sikio la kulia, na kile kitambaa cha karatasi alichofungwa kifuani kilikuwa bado cheupe pepe.

Kitambaa hicho ndicho kilichomkera mpelelezi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya upole, na polisi wenzake walimwita Shangazi kwa sababu alimhoji mtu kama shangazi anayemuuliza binti wa kaka yake alilala wapi: bila ukali, na bila kuondoka mpaka ajibiwe. Aliinama akalitazama jeraha. Mfupa ulikuwa umezama ndani. Spana nzito ya kufungulia mitungi ya gesi ilikuwa sakafuni, nywele za mvi zimenata kwenye ncha yake. Kichwa cha mtu aliye hai kikipigwa namna ile, damu huruka mpaka dari. Hapa ilikuwa imechuruzika kidogo nyuma ya sikio, ikaishia hapo.

"Alimpiga mara ngapi?" aliuliza.

"Mbili. Au tatu. Mimi nilikuwa nimeshaanguka," alijibu Daktari wa meno. Alikuwa ameketi kwenye kistuli, amejikandamiza pamba juu ya jicho la kushoto. "Nilishamwambia sajenti wako yote."

"Niambie na mimi. Mimi ni mzito wa kuelewa."

Daktari alirudia. Alikuwa anamng'oa Mwalimu gego, amempa gesi ya kucheka kidogo ili asihangaike. Akaingia mbebaji wa mitungi, yule kijana wanayemwita Bega kwa kuwa hubeba mitungi begani bila hata mkokoteni. Alitaka kuiba mtungi wa oksijeni. Alipokatazwa akachukua spana, akampiga Daktari usoni, akampiga Mwalimu kichwani, akatoka mbio na mtungi.

"Huo mtungi ulikuwaje?"

"Mpya. Haujafunguliwa hata kidogo."

Shangazi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, na hakuwa ameridhika hata chembe. Kuzunguka pua ya maiti kulikuwa na alama ya mviringo ya kibarakoa cha mpira. Midomo ilikuwa ya zambarau. Kibarakoa chenyewe kilining'inia kwenye mashine ya gesi, na kutoka hapo bomba la mpira lilipita juu ya kabati na kutokea dirishani, ili pumzi ya mgonjwa iende nje isiwalevye waliomo ndani. Kwenye ndoo ya taka kulikuwa na jozi mbili za glavu. Moja ya mkono mkubwa. Nyingine ndogo.

"Msaidizi wako yuko wapi?"

"Shemeji yangu? Mdogo wa mke wangu. Leo hakuja, anaumwa."

"Pole yake. Na mlango huu?"

"Chumba cha eksirei. Mashine imeharibika, inavuja mionzi. Ukifungua usije ukanilaumu."

Hakufungua. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa lolote lingine alilofanya siku ile, lakini asubuhi hiyo akili yake ilikuwa kituoni. Watu wa mtaa walimwona Bega akikimbia na mtungi, wakamsikia Daktari akipiga yowe nyuma yake, na mawe yalianza kabla hajafika kona. Mdogo wake Mwalimu, wanayemwita Bucha, ana duka la nyama mtaa huohuo. Yeye alimfikia Bega wa kwanza, akamvunja mkono wa kushoto kwa mgongo wa shoka la kukatia mifupa. Polisi walimnyakua Bega kutoka kwenye mikono ya watu wakiwa tayari wanatafuta petroli. Sasa watu haohao walikuwa wamelizunguka lango la kituo. Lango lilikuwa la bati, na polisi waliokuwa zamu hawakufika kumi. Kama asingepatikana muuaji mwingine kabla bati halijalala, Bega angechomwa moto akiwa hai.

"Usitoke hapa, Daktari," alisema. "Gari la maiti linakuja. Konstebo atakaa mlangoni kwa usalama wako."

*

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha nyuma cha gari lao. La pili likamkosa dereva, konstebo mmoja mrefu asiyependa maneno. Mbele ya lango alisimama Bucha mwenyewe, aproni ya kazi bado kiunoni, shoka mkononi. Watu walimpisha kama wanavyompisha mfiwa.

"Pole na msiba, mdogo wangu," alisema Shangazi akishusha kioo.

"Sitaki pole. Namtaka mtu."

"Bado anahojiwa."

"Sisi tutamhoji kwa kiberiti. Kaka alinisomesha, Shangazi. Alinilea. Wewe ulikwenda kumwona. Kichwa kile ni cha kaka yangu?"

Shangazi alipandisha kioo, lango likafunguliwa kiasi cha gari kupita, na mtu mmoja aliyejaribu kuingia naye akarudishwa kwa kitako cha bunduki kilichomvunja taya.

Ndani, Sajenti alikuwa amekunja mikono ya shati. Huyu walimwita Pasi, kwa sababu sare yake haikuwahi kuwa na kunyanzi, na kwa sababu alisema hakuna mtuhumiwa aliyejikunja asiyenyooka. Kipande cha mpira wa maji kilikuwa mkononi mwake. Bega alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kushoto umelala pembeni kama si wake. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa.

"Anakaribia kusema," alisema Pasi.

"Ameshasema nini?"

"Uongo mtupu. Mtazame anavyotoka jasho la uongo."

Shangazi alimtazama. Shati la Bega lilikuwa kavu lenye vumbi na damu iliyoganda, isipokuwa bega la kulia. Pale lilikuwa limelowa.

"Umeona wapi jasho la bega moja, Sajenti?" Alichutama, akalivuta shati taratibu. Ngozi ya chini yake ilikuwa nyekundu, imebabuka kama iliyoguswa na sufuria ya moto. "Hapa umeungua na nini, mwanangu?"

"Mtungi, mama. Ulikuwa wa baridi. Baridi mpaka unachoma."

"Wewe hubeba mitungi kila siku. Huwa inakuchoma?"

"Haijawahi."

"Nieleze. Polepole."

"Daktari alinipigia simu mwenyewe, akasema njoo mbio. Nimefika, hakuniruhusu hata kuingia. Akanitwisha mtungi palepale mlangoni, akasema urudishe ulikotoka, kimbia, usisimame na mtu. Nikakimbia. Nimekaribia kona nasikia sauti yake nyuma yangu, mwizi, mwizi. Nikageuka na mimi nimwone huyo mwizi ni nani."

Pasi alicheka. Shangazi hakucheka.

"Ulimwona mtu mwingine pale?"

"Sikumwona. Nilimsikia. Mwanamke alikuwa analia huko ndani, halafu akanyamaza ghafla, kama amezibwa."

Mtungi ulikuwa kwenye chumba cha vielelezo. Ulikuwa wa kijivu, umekwanguliwa rangi yote mpaka chuma. Shangazi aliushika shingoni akauinamisha upande mmoja, kisha wa pili. Kitu kizito kilihama ndani yake, kikafuata mkono wake. Akatoa simu akampigia binamu yake, mkaguzi wa gesi za hospitali, mtu aliyesoma mpaka akapata upara.

"Nilidhani umeshakufa," alisema Shangazi.

"Nife mimi, halafu huo utani wako uupeleke kwa nani?"

"Nina mtungi, binamu. Nikiuinamisha, kitu kinacheza ndani kama maji kwenye dumu."

"Basi si oksijeni. Oksijeni ni hewa iliyoshindiliwa, haichezi. Inayocheza ni naitrasi oksaidi, ile gesi ya kucheka. Humo ndani inakaa kama maji, ukifungua koki inachemka inakuwa gesi. Ukiifungulia kwa fujo mtungi unapoa, unatoka jasho, wakati mwingine barafu kabisa."

"Daktari wa meno anaruhusiwa kuwa nayo?"

"Kwa kibali, anaruhusiwa. Gesi yenyewe haina ubaya ikienda na mwenzake. Mashine haikubali kutoa gesi bila oksijeni, walau sehemu tatu kwenye kila kumi. Oksijeni ikiisha, mashine inaifunga gesi yenyewe. Na daktari habaki peke yake na mgonjwa, lazima awepo wa pili, kazi yake kumwangalia tu. Mwishoni mgonjwa anapewa oksijeni tupu, anazinduka, anakwenda zake kwa miguu."

"Kwa hiyo wako wawili. Siku zote."

"Sheria hiyo mimi mwenyewe huwasomea mpaka wanasinzia."

"Na mtu akifunga mtungi wa gesi mahali pa oksijeni?"

"Hawezi. Kila kishikio kwenye mashine kina pini mbili, na kila mtungi una matundu mawili ya kuzipokea. Pini za oksijeni haziingii kwenye matundu ya gesi hata uombe. Hata mlevi hakosei."

"Mlevi hakosei. Mwenye tupa je?"

Utani ulimtoka binamu.

"Pini zikikatwa," alisema, "mtungi wowote utaingia. Mashine inapima nguvu ya hewa tu, haionji. Itaamini ni oksijeni. Mgonjwa atapewa gesi pande zote mbili, na atakapoanza kubadilika rangi, watafanya kile tulichowafundisha."

"Watafungulia oksijeni."

"Mpaka mwisho, dada. Mpaka mwisho."

Shangazi alikata simu. Hasira ilimpanda taratibu kama homa, akaiacha ipande kwa sababu angeihitaji. Mwalimu hakufa kwa spana. Alikufa kwa kukosa hewa, akiwa na kibarakoa puani na watu wawili wakimhudumia, na aliyempasua kichwa alipasua kichwa cha maiti.

Alirudi kwa Pasi. "Mtu huyu usimguse. Nikirudi nikimkuta na kidonda kipya, nitakihesabu kuwa chako."

"Ndiyo, Afande," alisema Pasi, akautazama ule mpira wake kwa huzuni.

*

"Yumo ndani anafanya usafi," alisema konstebo wa mlangoni pa kliniki.

"Nani alimruhusu kufanya usafi?"

"Alisema ni mambo ya afya, Afande."

Shangazi alimpita. Gari la maiti lilikuwa limekuja na kuondoka. Chumba kilikuwa na joto, na Daktari alikuwa amesimama katikati yake na tambara mkononi, pamba juu ya jicho imeshaondolewa. Mkato ulionekana vizuri sasa.

"Ulisema spana ndiyo iliyokupiga hapo."

"Ndiyo."

"Spana hupasua, Daktari. Haikati. Hilo la kwako limenyooka kama mshono wa cherehani." Alikwenda kwenye mashine. Upande mmoja ulikuwa na mtungi wa buluu. Upande wa pili mtungi mweupe, umefungwa upya. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye mwanya kati ya mtungi mweupe na kishikio. Pini zilikuwepo, yaani vishina vyake. Vilisagwa vikawa sawasawa na chuma, laini, kwa mkono wa mtu mwenye subira. "Na mtungi ambao haujafunguliwa hautoki jasho."

Daktari alikuwa anatazama mikono yake.

"Kwa nini ulizikata?"

"Mitungi niliyokuwa naletewa nje ya kampuni ilikuwa haiingii," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo dogo la ofisini. "Ile ya kampuni ilikuwa inachelewa. Nifunge kliniki? Pini ni vitu vidogo kama punje za mchele. Nimefanya kazi hivyo mwaka mzima, hakuna aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa mpaka leo. Oksijeni iliisha katikati ya kazi?"

"Iliisha. Mashine ikafunga gesi, kama kawaida. Nikaenda stoo. Ilikuwepo ya kijivu miwili, sawasawa kabisa." Alimeza mate. "Yeyote angeweza kukosea."

"Asingeweza, kama ungeziacha pini." Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini huyu ufa aliuchimba mwenyewe kwa tupa. "Msaidizi wako alikuwa upande gani wa kiti?"

"Nimeshakwambia anaumwa."

Hapo ndipo Shangazi alipoisikia. Mlio mwembamba wa hewa inayotoka, kama tairi lenye tundu la sindano. Kiti kilikuwa kitupu, na mashine ilikuwa inafanya kazi. Akatafuta kwa macho lile bomba la mpira. Dirisha lilikuwa limefungwa. Bomba halikupita tena juu ya kabati. Lilitambaa sakafuni, likapita chini ya mlango wa chumba cha eksirei, na ule upenyo uliobaki ulikuwa umezibwa kwa taulo iliyoloweshwa.

Aligeuka, na koleo ya kung'olea meno ikampata mdomoni.

Jino la mbele lilikatika. Alilisikia likigonga sakafu kabla maumivu hayajafika. Pigo la pili lilimchana shavu, la tatu akalikinga kwa mkono na mfupa ukalia. Daktari alipigana kimya, bila tusi, kama anayemaliza kazi. Alimsukuma mpaka kwenye kabati, akamkaba koo kwa mkono mmoja na kuinua koleo kwa mwingine, akilenga jicho. Shangazi alimtemea damu na vipande vya jino usoni, akampiga goti kwenye kinena, kisha akamng'ata dole gumba mpaka akahisi mfupa kwa meno aliyobakiwa nayo. Hapo Daktari alipiga kelele kwa mara ya kwanza. Konstebo mrefu aliingia na kiti cha mapokezi, akamshushia mgongoni. Kiti kilivunjika. Daktari alipiga magoti, akajaribu kuinuka, akapigwa na mguu wa kile kiti hadi akalala.

"Mfunge hapo," Shangazi alisema, akionyesha kiti cha wagonjwa. Maneno yalitoka na damu. Daktari ameng'oa jino lake la mwisho, aliwaza, na bila ganzi.

Alirudi nyuma, akaupiga mlango teke. La pili likang'oa kitasa.

Msaidizi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, msichana mwembamba mwenye sare ya kijani, mikono imefungwa nyuma kwa bandeji, kitambaa kimejazwa mdomoni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba kwa kipigo. Mdomo wa bomba ulikuwa karibu na pua yake. Midomo ilikuwa na rangi ileile ya midomo ya Mwalimu.

Shangazi alizuia pumzi, akamshika makwapani, akamburuta nje. Alimchomoa kitambaa. Hakuwa akipumua.

"Oksijeni hii hapa, Afande." Konstebo alikuwa ameukumbatia ule mtungi mweupe na anahangaika na koki. "Imeandikwa."

Shangazi aliupiga mtungi teke ukabiringika. "Dirisha," alisema. "Vunja dirisha."

Kioo kilimwagika uani. Shangazi aliinama, akaibana pua ya msichana, akampulizia pumzi yake mwenyewe, yenye damu na isiyo na kibali cha mtu. Akapuliza tena. Kifua kiliinuka kwa sababu yeye alikiinua, kikashuka. Aliendelea mpaka akaanza kuona kizunguzungu. Konstebo aliacha kutazama. Kisha msichana alikohoa, akatapika, akavuta hewa ya mtaani kwa sauti mbaya sana, na Shangazi akakaa chini akalia kidogo, hakuona haya.

"Shemeji," alisema msichana alipoweza. "Alisema atasema mimi ni mlevi wa gesi. Kwamba nimejifungia mwenyewe."

"Usiongee."

"Mwalimu nilimuua mimi." Macho yake yalikuwa juu darini. "Vidole vyake vilikuwa vinageuka rangi. Shemeji akasema oksijeni, mpe oksijeni tupu. Nikaongeza. Kila nikiongeza anazidi. Nikafungua mpaka mwisho, kifaa kinaonyesha oksijeni, nikawa namwambia, Mwalimu, vuta pumzi, vuta sana. Alinisikiliza. Alivuta."

Daktari, kwenye kiti, alifumba macho.

"Nilisema tupige simu hospitali," aliendelea msichana. "Ndipo aliponipiga. Halafu nikamwona anachukua spana, anampiga mtu aliyekwisha kufa."

Shangazi alimfungua bandeji mikononi. "Wewe ulifanya ulichofundishwa," alisema. "Aliyekata pini ndiye aliyeua. Utaweza kusimama? Kuna kijana anakaribia kuchomwa moto, na mimi nikiwaambia hawataniamini."

*

Lango lilikuwa limeshalala upande mmoja. Waliingia kwa kusukuma watu na boneti, Daktari amelazwa chini ya viti na blanketi juu yake. Polisi walikuwa kwenye ngazi, bunduki zimeelekezwa juu, nyuso zimewapauka.

Pasi aliwapokea mlangoni, anang'aa.

"Amekiri," alisema.

"Amekiri nini?"

"Yote. Kwamba alimpiga Mwalimu kwa spana mara tatu mpaka roho ikatoka. Nimewatangazia nje, wametulia kidogo."

Shangazi alimpita. Bega alikuwa palepale, lakini amelala ubavu, suruali imelowa mkojo mwekundu, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, ule mzima, vilikuwa vimevunjwa. Alifungua jicho moja.

"Nimesema anachotaka, mama," alinong'ona. "Nimesema vizuri?"

Shangazi alitoka akarudi kwa Pasi, akamvua mkanda na bastola kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wenzake, akamsukuma selo ya pili akafunga. Hakuna aliyemzuia. Kisha akatoka kwenye ngazi, uso umelowa damu, akamwita Bucha kwa jina la undugu.

"Mdogo wangu. Njoo wewe peke yako. Shoka liache."

Bucha aliangalia shavu lake, akaangalia mdomo wake usio na jino. Akaliacha shoka.

Msichana alimweleza akiwa ameketi kwenye benchi, bila kulia, yote, mpaka pale alipomwambia Mwalimu avute pumzi sana. Bucha alisikiliza amesimama. Alipomaliza, aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufunga.

"Huyo daktari mmemweka wapi?"

"Mahali ambapo hutafika. Huyu mwenye kosa hutamgusa. Asiye na kosa umeshamgusa inatosha."

"Nipe dakika moja naye."

"Kuna mtu ndani anavuja damu tumboni, mdogo wangu. Mkojo wake ni mwekundu. Gari la hospitali limeshindwa kuupita umati wako, liko kule barabarani. Nikimtoa mimi, watasema polisi wanamtorosha. Watu wale hawataniamini mimi, na msichana huyu hawatamsikia. Yupo mmoja tu ambaye hawawezi kumrushia jiwe."

Ilimchukua Bucha muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulilegea, akaonekana mtu mzima ghafla, mfiwa asiye na wa kumlipiza kisasi.

Bega alipomwona anaingia selo, alijiburuta kwa kisigino mpaka kwenye kona. "Si huyu," alisema. "Mama, huyu asiniguse. Huyu ndiye."

"Ndiye," alisema Shangazi. "Na kesho atakuja kujibu mkono huo mbele ya sheria. Lakini leo hakuna mwingine."

"Nitakuja," alisema Bucha.

Alizoea kubeba nusu ya ng'ombe begani. Huyu hakumweka begani. Alipiga goti, akapitisha mikono chini yake kama anayepakata mtoto mwenye homa, na hata hivyo Bega alipiga ukelele mkono ulipoyumba. Walitoka hivyo, Shangazi mbele, wao nyuma. Watu walipoona nani amembeba nani, kelele zilikatika upande wa mbele, wakawa kimya kama maji mtungini. Njia ikafunguka, nyembamba. Mtu mmoja aliyeshika galoni la petroli aliliweka chini nyuma ya miguu yake, kama si lake.

Lakini umati ulikuwa mrefu, na habari hazikuwa zimefika nyuma. Jiwe lilitoka huko, likampata Bucha kwenye paji la uso. Bega alifumba jicho lake. Bucha alisimama, akamgeuza kijana ili kichwa chake kifichike kifuani, akaendelea kutembea. Damu ilimtoka kwa wingi, kama inavyomtoka mtu aliye hai, ikamshukia machoni, ikamlowesha aproni yote mpaka mlangoni mwa gari.